Kuhara Kunapokataa Kuisha: Virusi vya Tumbo na Watu Wenye Kinga Dhaifu

Tuchukue mfano wa nyumba moja yenye watu sita. Jumatatu mtoto wa shule anarudi nyumbani akitapika. Jumatano dada yake anahara, na baba yao naye anashika tumbo. Kufika Ijumaa wote watatu wamepona, na mtoto amerudi kucheza mpira. Lakini mama mkubwa anayeishi nao, ambaye anameza dawa za VVU, ameanza kuhara Alhamisi. Wiki moja inapita, hajapona. Wiki ya pili amekonda na hawezi kwenda chooni bila kushikwa mkono. Majirani wananong'ona. Mmoja anasema amerogwa. Mwingine anasema, "Dawa zimemshinda, huyo ni wa kungojea tu." Mama mkubwa mwenyewe, kwa kuwa anatapika kila anapomeza vidonge, ameamua kuviacha kwanza mpaka tumbo litulie.

Nyumba hii ni mfano tu, lakini mambo kama haya hutokea katika kambi nyingi. Huenda ugonjwa uliowashika watu wote wanne ni uleule mmoja. Kilichotofautiana ni miili yao. Katika makala hii tunaeleza kwa nini virusi vya tumbo, ambavyo kwa mtu mwenye nguvu huisha kwa siku chache, vinaweza kumhatarisha mtu mwenye kinga dhaifu. Tunaeleza pia nini kifanyike nyumbani ili mama mkubwa asife kwa ugonjwa ambao mtoto alipona kwa siku tatu.

VIRUSI VYA TUMBO NI NINI?

Kuhara kunaletwa na vijidudu vya aina nyingi. Kipindupindu, kwa mfano, huletwa na bakteria. Amiba ni aina nyingine ya kijidudu. Virusi ni vidogo kuliko hivyo vyote, na dawa za kuua bakteria haziviui. Virusi vya tumbo vinavyojulikana zaidi ni viwili.

Cha kwanza ni rotavirusi, ambacho huwashika zaidi watoto wadogo. Kiligunduliwa mwaka 1973 na watafiti wa Melbourne, Australia, wakiongozwa na Ruth Bishop. Cha pili ni norovirusi, ambacho huwashika watu wa umri wote. Kilipewa jina kutokana na mji wa Norwalk, Marekani, ambako wanafunzi na walimu wa shule moja waliugua mwaka 1968.

Norovirusi huanza ghafla, kwa kawaida saa 12 hadi 48 baada ya kuingia mwilini. Mtu hutapika, huhara majimaji, huumwa na tumbo, na wengine hupata homa kidogo na maumivu ya mwili. Mtu mwenye afya hupona baada ya siku moja hadi tatu. Hakuna dawa ya kuua kirusi hiki. Mwili wenyewe ndio unaokishinda, mradi usiishiwe na maji.

KWA NINI KWA WENGINE HAKIISHI?

Virusi hivi huingia kwenye utumbo mwembamba, mahali ambapo mwili hunyonya chakula na maji, na kuuharibu ukuta wake. Maji ambayo yangeingia mwilini hupita moja kwa moja na kutoka. Kwa mtu mwenye kinga nzuri, askari wa mwili huvitambua virusi, huvipiga, na utumbo hujijenga upya.

Mtu mwenye kinga dhaifu ana askari wachache. Virusi hukaa, huzaana, na kuendelea kutoka pamoja na kinyesi kwa wiki nyingi. Kwa baadhi ya wagonjwa, kama waliobadilishwa figo na wanaotumia dawa za kupunguza kinga, imeonekana norovirusi ikikaa mwilini kwa miezi, hata zaidi ya mwaka. Muda wote huo mtu hula lakini chakula hakimfai, huku maji na chumvi vikitoka. Ndiyo maana anakonda, na ndiyo maana anaweza kufa.

Watu wenye kinga dhaifu ni hawa:

- Watu wanaoishi na VVU, hasa ambao hawajaanza dawa, wameziacha, au wamezianza karibuni.
- Watoto wachanga, na watoto wenye utapiamlo.
- Wazee.
- Wagonjwa wa saratani wanaotibiwa.
- Watu wanaotumia kwa muda mrefu dawa zinazopunguza kinga, kama prednisoloni.
- Watu waliodhoofishwa na kifua kikuu, kisukari au njaa.

Ukiangalia orodha hii utaona kuwa karibu kila nyumba ina mtu mmoja wa namna hii. Wengine hawajulikani hata kwa jamaa zao.

KAMBINI HUENEA VIPI?

Virusi hivi hutoka kwa kinyesi na matapishi, vikaingia kwa kinywa. Vijidudu vichache sana vinatosha kumwambukiza mtu. Hupita kwenye mikono, maji, chakula, kata ya kuchotea, mlango wa choo, nguo na shuka. Mtu anapotapika kwa nguvu, matone madogo huruka na kutua kwenye vyombo vilivyo karibu. Vikishatua huweza kuishi hapo siku nyingi.

Msidhani kwamba haya ni ya wakimbizi wa Afrika peke yao. Mwaka 2005, baada ya kimbunga Katrina kubomoa mji wa New Orleans nchini Marekani, maelfu ya watu walihifadhiwa katika kumbi kubwa mjini Houston. Katika siku chache tu, watu zaidi ya 1,000 walitibiwa kwa kutapika na kuhara, na norovirusi ilikutwa kwa wagonjwa waliopimwa. Hiyo ni nchi tajiri, yenye maji ya bomba na sabuni. Palipo na watu wengi wanaolala karibu karibu na kutumia vyoo pamoja, kirusi hiki hupata njia. Kuugua si aibu na wala si uchafu wa mtu mmoja.

JAMBO LA KWANZA: MAJI YA ORS, MAPEMA

Kinachoua katika kuhara kwa ghafla ni kuishiwa maji na chumvi mwilini. Kwa hiyo dawa ya kwanza ni kurudisha maji na chumvi.

Somo hili lilithibitishwa katika kambi ya wakimbizi. Mwaka 1971, wakati wa vita vya uhuru wa Bangladesh, mamilioni ya watu walikimbilia India. Katika mji wa Bongaon kipindupindu kilikuwa kinaua watu wengi, na maji ya kutundika mshipani yaliisha. Daktari Dilip Mahalanabis aliamua kutumia maji yaliyochanganywa na sukari na chumvi. Ndugu za wagonjwa ndio waliowanywesha, kikombe baada ya kikombe. Vifo vilivyokuwa karibu 30 kwa kila wagonjwa 100 vilishuka hadi chini ya 4. Waliookoa maisha hayo wengi wao hawakuwa madaktari. Walikuwa akina mama, waume, dada na watoto wakubwa.

Namna ya kutengeneza:

- Nawa mikono kwa sabuni.
- Pima maji safi kama pakiti inavyosema. Pakiti nyingi ni za lita moja, yaani chupa mbili za nusu lita. Usipunguze maji ili "dawa iwe kali", wala usiyaongeze.
- Mimina unga wote wa pakiti, koroga, funika.
- Yakipita saa 24, mwaga, utengeneze mengine.

Ukikosa pakiti, changanya lita moja ya maji safi na vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vikiwa vimesawazishwa juu, si vya kujaa. Onja: yasiwe na chumvi kuliko machozi. Haya ni ya kukusaidia ukiwa njiani kutafuta ORS.

Kila baada ya kuhara, mtoto wa chini ya miaka 2 apewe robo hadi nusu kikombe. Mtoto mkubwa apewe nusu kikombe hadi kikombe kimoja. Mtu mzima anywe kikombe kimoja hadi viwili, au zaidi akitaka. Akitapika, ngoja dakika 10, kisha anza tena polepole kwa kijiko. Mtoto apewe pia vidonge vya zinki kutoka kituo cha afya na avimalize, kwa siku 10 hadi 14, hata kama kuhara kumekoma.

Angalizo: mtoto aliyekonda sana au aliyevimba miguu kwa utapiamlo asitibiwe nyumbani. Mpeleke kituo cha afya mara moja, kwa kuwa mwili wake unahitaji maji yaliyopimwa kwa namna nyingine.

Mgonjwa aendelee kula. Uji, ndizi, viazi, wali laini na supu vinafaa, kidogo kidogo mara nyingi. Kumnyima chakula "ili tumbo lipumzike" ni kumdhoofisha zaidi.

JAMBO LA PILI: USIACHE DAWA ZAKO

Hapa ndipo watu wengi hukosea. Mtu anayemeza ARV au dawa za kifua kikuu anapotapika, huona dawa ndizo zinazomchokoza tumbo, akaziacha. Siku tatu zinakuwa wiki, wiki inakuwa mwezi. Virusi vya UKIMWI vinapata nafasi, askari wa mwili wanapungua, na kirusi cha tumbo, ambacho kilipaswa kuondoka, kinabaki. Anaingia kwenye shimo ambalo kila hatua inamzamisha zaidi.

Meza dawa zako kama kawaida. Ukitapika muda mfupi baada ya kumeza, au ukishindwa kabisa kuzishika tumboni, nenda kituoni siku hiyo hiyo uulize ufanye nini. Usiamue peke yako kuziacha, wala kuzidisha dozi.

Nchini Uganda tunakumbuka miaka ambayo hapakuwa na dawa hizi. Mwaka 1985 madaktari walieleza katika jarida la tiba la Lancet ugonjwa mpya uliokuwa ukiwakondesha watu wa Rakai kwa kuhara kusikoisha. Wananchi waliuita "Slim", kwa sababu ya kukonda huko. Baadaye ilijulikana kuwa huo ndio UKIMWI. Wakati ule mtu aliyehara na kukonda, jamaa zake walianza kutafuta sanda. Leo si hivyo. Tangu mwaka 2004 ARV zilianza kutolewa bure katika vituo vya serikali nchini, na anayezimeza vizuri hurudishiwa kinga yake. Lakini hofu ya miaka ile bado iko midomoni mwa watu, na ndiyo inayomfanya jirani aseme "huyo ni wa kungojea tu". Si kweli. Ni wa kupelekwa hospitali.

JAMBO LA TATU: USINGOJE

Mtu mwenye nguvu anaweza kungoja siku mbili akinywa ORS. Mtu mwenye kinga dhaifu asingoje. Aonane na mhudumu siku ya kwanza au ya pili. Na yeyote, awe mtoto au mtu mzima, apelekwe haraka akionyesha dalili hizi:

- Macho yameingia ndani, mdomo umekauka, au mkojo umekuwa kidogo sana.
- Ngozi ya tumbo ukiifinya hairudi upesi.
- Amelegea, amechanganyikiwa, au haamki vizuri.
- Anatapika kila kitu, au hawezi kunywa.
- Kuna damu katika choo, au ana homa kali.
- Anahara maji mengi yanayofanana na maji ya mchele. Hiyo inaweza kuwa kipindupindu. Saa moja ina maana kubwa.
- Kuhara kumefika siku 14.

Kuhara kunakofika wiki mbili kwa mtu mwenye kinga dhaifu si lazima kuwe virusi. Kuna vijidudu vingine, kama kriptosporidiamu, ambavyo humshika mtu wa namna hiyo, na baadhi vina dawa yake. Ndiyo sababu choo kinahitaji kupimwa, na damu pia ili kujua hali ya kinga.

JAMBO LA NNE: NYUMBA NZIMA IMLINDE

Mtu mwenye kinga dhaifu hawezi kujilinda peke yake. Analindwa na mikono ya wale wanaompikia na kumchotea maji.

Kunawa kwa sabuni na maji yanayotiririka ndiko kunakofaa: baada ya choo, baada ya kumsafisha mtoto au mgonjwa, kabla ya kupika, kabla ya kula. Jerikani ndogo iliyotobolewa na kutundikwa karibu na choo inatosha. Kama sabuni imeisha, tumia majivu.

Aliyeugua asipike wala kugawa chakula mpaka zipite siku mbili tangu kutapika na kuhara kukome. Hata baada ya hapo virusi huendelea kutoka katika choo chake kwa wiki mbili au zaidi, kwa hiyo asilegeze kunawa. Kama nafasi ipo, mwenye kinga dhaifu alale mbali na anayetapika, awe na kikombe chake, na asipewe kazi ya kufua nguo za mgonjwa.

Maji ya kunywa yachemshwe mpaka yatokote, au yatiwe klorini kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti. Yahifadhiwe katika chombo chenye mdomo mwembamba na kifuniko, na yamiminwe, yasichotwe kwa kikombe. Utafiti uliofanywa katika vijiji vya Tororo, mashariki mwa Uganda, na kuchapishwa mwaka 2005, ulionyesha faida yake. Watu wenye VVU waliopewa chombo kizuri cha maji na klorini waliugua kuhara mara chache zaidi, pungufu kwa robo. Waliopata hayo pamoja na dawa ya kotrimoksazoli, ambayo wengi huiita Septrin, kuhara kulipungua kwa theluthi mbili. Kwa hiyo ukiwa umepewa Septrin na daktari, usiione kuwa ni dawa ndogo.

Matapishi na kinyesi vilivyomwagika visafishwe mapema. Vaa glavu, na ukikosa, funga mfuko wa plastiki mikononi. Funika uchafu kwa kitambaa au majivu, zoa, tupa chooni. Kisha paka mahali hapo maji ya Jik: kipimo kimoja cha Jik ya asilimia 3.5 kwa vipimo sita vya maji, yaache dakika 10, ndipo usuuze. Maji haya makali si ya kunywa wala kunawia mikono, na yasichanganywe na dawa nyingine ya kusafishia. Nguo na shuka zifuliwe peke yake kwa sabuni na maji ya moto, zianikwe juani.

MASWALI YANAYOULIZWA

Je, nimeze Flagyl kwanza?
Hapana, mpaka upimwe. Flagyl hutibu amiba na vijidudu vingine vichache. Haiui virusi, na pesa ya kuinunua dukani ingefaa zaidi kwa sabuni. Dawa za kufunga tumbo nazo asipewe mtoto kamwe.

Vitakasa mikono havitoshi?
Kwa norovirusi havitoshi. Kirusi hiki huvumilia spiriti. Sabuni na maji hukiondoa mkononi.

Mama mwenye VVU aache kumnyonyesha mtoto anayehara?
Asiache. Aendelee kumeza ARV na kunyonyesha mara nyingi zaidi. Maziwa ya mama ni maji, chakula na kinga kwa pamoja.

Kuna chanjo?
Ya rotavirusi ipo. Ni matone ya mdomoni wanayopewa watoto wachanga katika wiki za mwanzo za maisha, na Uganda iliiingiza katika chanjo za kawaida mwaka 2018. Mtoto mwenye VVU naye huipata. Usipitishe tarehe ya kadi. Chanjo ya norovirusi bado haijaidhinishwa.

Sitaki majirani wajue hali yangu. Nifanyeje?
ORS hupewa kila anayehara, hakuna atakayekuuliza sababu. Si lazima umweleze VHT wala kiongozi wa kijiji. Lakini mwambie mhudumu anayekutibu, faraghani, dawa zote unazomeza. Ana wajibu wa kutunza siri yako, na akijua atakutibu vizuri zaidi.

TURUDI KWA MAMA MKUBWA

Turudi kwenye nyumba yetu ya mfano. Tuseme siku ile ya Alhamisi binti wa nyumba angemwambia, "Mama mkubwa, kunywa hii ORS, kesho asubuhi nakusindikiza kituoni." Tuseme angekwenda, akapimwa, akaelezwa namna ya kushika dawa zake, na nyumbani sabuni ikawekwa mlangoni mwa choo. Pengine angehara siku nyingi kuliko mtoto, lakini asingefika mahali pa kushikwa mkono.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa wenyewe ni huu: kikombe cha ORS siku ya kwanza, kidonge kisichorukwa, mikono iliyonawa kwa sabuni. Angalia leo nyumbani kwako ni nani mwenye mwili dhaifu, na uhakikishe pakiti mbili za ORS zipo kabla hamjazihitaji. Muulize VHT wa kijiji chako, au kituo cha afya kilicho karibu.